Panya waliochora ramani ya Nairobi

Na MWANDISHI WETU

Panda matatu pale Muthaiga asubuhi ya Jumapili, wakati barabara ya Thika haina msongamano wa magari. Kabla mtoto uliyempakata hajamaliza ndizi yake, mtakuwa mmepita Pangani na kuingia Ngara. Shukeni hapo, mtembee kwa miguu kupitia Kariokor hadi Pumwani.

Safari hiyo ni fupi, lakini ni kama kuvuka mipaka ya nchi tatu. Mmeanzia kwenye majumba yaliyojificha nyuma ya miti mikubwa, ambako zamani aliishi Mzungu. Mmepita nyumba za mawe na maduka ya Ngara, mtaa uliojulikana kwa miaka mingi kuwa wa Wahindi. Mmemalizia Pumwani, ambako nyumba zimebanana bega kwa bega, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliutenga kwa ajili ya Mwafrika.

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari ni nani aliyeugawa mji huu namna hiyo, naye atakujibu mara moja: mkoloni. Jibu hilo ni sahihi na anastahili alama zake. Lakini muulize mkoloni alitoa sababu gani, na hapo wengi hukwama.

Sababu aliyoitaja sana ilikuwa ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa tauni, na aliyeuleta mjini alikuwa panya.

Hiki ni kisa ambacho kila familia inayoishi Nairobi yafaa ikijue. Kinatuonyesha kwamba janga la maradhi likipita haliachi makaburi peke yake. Huacha pia sheria, kuta, na desturi ambazo wajukuu huzikuta na kudhani zimekuwapo tangu dunia iumbwe.

MJI ULIOZALIWA MIAKA YA MARADHI

Nairobi ilianza kuwa mji tarehe 30 Mei 1899, reli kutoka Mombasa ilipofika katika bonde lile la maji baridi. Lakini nchi ambayo reli iliikuta ilikuwa imekwisha kuumizwa vibaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa umeingia Afrika kupitia pwani ya Eritrea, ulifagia mifugo ya Wamaasai. Kwa watu ambao maziwa ndiyo chakula na ng'ombe ndiye mali, mahari na heshima, huo ulikuwa msiba wa taifa zima. Baada ya sotoka ikaja ndui. Miongoni mwa Wakikuyu liko rika la miaka hiyo lililoitwa Mutung'u, yaani ndui, ili jina lenyewe liwe kumbukumbu.

Kisha ikaja njaa kuu ya mwisho wa karne hiyo, pamoja na ndui kwa mara nyingine. Watu wengi wa sehemu za Kiambu walikufa, na wengine wakarudi kwa jamaa zao upande wa Murang'a kutafuta chakula. Mashamba yao yakaota magugu.

Muda mfupi baadaye walowezi wa Kizungu walianza kuwasili. Waliiona ardhi hiyo, wakasema haina wenyewe. Wenyewe waliporudi walikuta mipaka imechorwa na hati zimetolewa. Kwa hivyo, kabla hata hatujafika kwenye tauni ya Nairobi, msomaji, tunaona kwamba maradhi yalikuwa yameanza kugawa ardhi ya Kenya.

KUTOKA HONG KONG HADI BOMBAY

Tauni ni ugonjwa wa panya kwanza, na wa binadamu baadaye. Kiroboto humnyonya panya mgonjwa damu. Panya huyo akifa na kupoa, kiroboto hutafuta damu nyingine yenye joto, na mara nyingi aliye karibu ni mtu aliyelala. Siku chache baadaye mtu huyo hushikwa na homa kali, kisha huota mtoki kwenye kinena, kwapani au shingoni. Asipopata dawa, ana hatari kubwa ya kufa. Siku hizo dawa ya kuaminika haikuwapo.

Tauni tunayoizungumzia ilitoka bara China. Mwaka 1894 ilifika Hong Kong, ambako daktari Alexandre Yersin aligundua kijidudu kinachoileta. Mwaka 1896 ilizuka Bombay, bandari kuu ya Wahindi. Katika miaka iliyofuata iliua watu wapatao milioni 10 nchini India peke yake.

Mwaka 1898, mjini Karachi, daktari Mfaransa aliyeitwa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayehamisha tauni kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Wakubwa wengi wa udaktari walimpuuza. Waliendelea kuamini kwamba tauni huzaliwa na uchafu wenyewe, hewa mbaya na tabia za watu fulani. Kosa hilo la wataalamu ndilo lililokuja kuigharimu Nairobi.

Meli za kutoka India zilikuwa zikitia nanga Mombasa zikileta mchele, nguo, vyuma vya reli na maelfu ya vibarua. Gunia la mchele halimbagui abiria: panya alipanda bure. Kutoka bandarini alipata usafiri mwingine wa bure, gari la moshi.

DAKTARI ALIYEPANDA PUNDA MILIA

Nairobi ya mwaka 1902 ilikuwa kambi zaidi ya mji. Palikuwa na stesheni, karakana, mahema, na safu za maduka ya mabati na mbao yaliyoitwa Soko la Wahindi. Humo waliishi wenye maduka, mafundi, makuli waliomaliza kandarasi za reli, na Waafrika waliokuja kutafuta kazi. Mitaro ya maji machafu haikuwapo. Mvua iliponyesha, mahali pote paligeuka tope. Nafaka ilihifadhiwa ndani ya maduka yale yale ambamo watu walilala.

Mjini humo aliishi daktari wa Kigoa, Rosendo Ribeiro, ambaye wazee wa Nairobi walimkumbuka kwa jambo moja la ajabu. Alikuwa akienda kuwatazama wagonjwa wake akiwa amepanda punda milia aliyemfuga. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyewaona wagonjwa wawili wa Kisomali, akatambua dalili za tauni, na kupeleka habari kwa wakubwa wa serikali.

Wakubwa hao hawakungoja. Watu waliamrishwa kutoka, na Soko la Wahindi likatiwa moto. Maduka, bidhaa na vitanda vilichomwa vyote pamoja. Hata chumba cha Dkt. Ribeiro, aliyetoa taarifa, kinasemekana kuwa miongoni mwa vilivyoteketea.

Jaribu, msomaji, kuiona siku hiyo kwa macho ya mwenye duka. Amevuka bahari, ameweka akiba rupia kwa rupia, amefungua duka lake la kwanza. Asubuhi yuko na mali. Jioni anatazama majivu.

Moto ulikuwa dawa isiyotosha. Panya anajua kukimbia moto kuliko binadamu, na bado magunia ya nafaka yaliendelea kuwasili kwa reli. Tauni ilirudi Nairobi zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Kila iliporudi, swali lilikuwa lile lile: nani wa kulaumiwa?

Jibu nalo lilikuwa lile lile. Walilaumiwa Wahindi kwa kuishi wamesongamana, na Waafrika kwa kuishi katika vijiji visivyo na mpango. Hakuna mkubwa aliyejiuliza kwa uzito ni nani aliyewanyima watu hao viwanja, mitaro na maji ya mfereji. Kodi walilipa, lakini huduma zilikwenda mlimani kwa Wazungu.

PROFESA KUTOKA LONDON

Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilimtuma mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, kuja kuchunguza hali ya miji ya Afrika Mashariki. Simpson hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amefanya kazi India kama afisa wa afya wa mji wa Calcutta, na alikuwa amekwisha kuishauri serikali juu ya tauni huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana.

Katika ripoti yake alitaja mambo ya maana kuhusu maji, mitaro na ujenzi wa nyumba. Lakini pendekezo lililokumbukwa kuliko yote ni hili: Wazungu, Wahindi na Waafrika waishi mitaa mbalimbali, na kati ya mitaa hiyo uachwe ukanda wa ardhi usiojengwa. Kwa maoni yake, hilo lilikuwa jambo la afya.

Walowezi waliipokea ripoti hiyo kwa furaha. Walikuwa wakitaka utengano kwa sababu zao za biashara, siasa na kiburi, na sasa walikuwa na karatasi ya daktari. Lililokuwa ubaguzi likaitwa usafi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mtaa wa Pumwani ulipimwa na kutengwa kuwa mahali rasmi pa Waafrika kuishi. Vijiji ambavyo Waafrika walikuwa wamejijengea wenyewe kandokando ya mji vilianza kuvunjwa kimoja baada ya kingine. Kijiji cha Pangani, kilichokuwa na nyumba nyingi za Waislamu na wanawake waliojitegemea kwa kupangisha vyumba, ndicho kilichokaa muda mrefu. Nacho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wengi wakasukumwa Pumwani na Shauri Moyo.

Hati ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1923, inayojulikana kama Waraka wa Devonshire, ilifuta rasmi sera ya kuwatenga Wazungu na Wahindi mijini. Hata hivyo, masharti yaliendelea kuandikwa ndani ya hati za viwanja kwamba nyumba fulani isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye Mzungu. Sheria inaweza kufutwa kwa kalamu siku moja, lakini mtaa uliokwisha kujengwa haufutiki.

SI NAIROBI PEKE YAKE

Usidhani Nairobi ilionewa peke yake. Tauni hiyo hiyo ilipofika Cape Town mwaka 1901, serikali iliwaondoa maelfu ya Waafrika mjini kwa nguvu na kuwapeleka nje, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni.

Mwaka 1904 ilizuka Johannesburg. Mohandas Gandhi, wakati huo akiwa wakili kijana huko, alijitolea kuwauguza Wahindi wenzake waliougua. Mtaa wao ulichomwa moto. Waafrika nao walipelekwa mbali, Klipspruit, eneo ambalo leo ni sehemu ya Soweto. Mwaka 1914 tauni ilifika Dakar, na Wafaransa wakaanzisha mtaa wa Médina wa kuwaweka Waafrika mbali na Wazungu.

Miji minne, wakoloni mbalimbali, na dawa moja: chagua wasio na sauti, uwahamishe. Panya hawakuhama.

DAMESKI NA STRASBOURG

Je, ni lazima janga liwagawanye watu? Ili kujibu swali hilo, tuache Nairobi kidogo na turudi nyuma karibu miaka 700, kwenye tauni iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Kati ya mwaka 1347 na 1351, tauni ambayo historia huiita Kifo Cheusi ilivuka kutoka bara Asia, ikaingia nchi za bahari ya Mediterania na kuenea Ulaya nzima. Wanahistoria hukadiria kwamba iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wa Ulaya. Misri, Sham na Afrika ya kaskazini nazo ziliangamia vivyo hivyo.

Mmoja wa walioishuhudia ni msafiri ambaye watu wa Pwani wanamjua vyema, Ibn Battuta. Mwaka 1331 alikuwa amepita Mombasa na Kilwa na kuandika habari za Waswahili na misikiti yao. Miaka 17 baadaye, mwaka 1348, alikuwa Dameski wakati tauni ilipokuwa ikiua watu kwa mamia.

Anaeleza kwamba gavana aliamuru watu wafunge siku tatu. Baada ya hapo mji mzima ulitoka kwa miguu kwenda kuomba. Waislamu walibeba Kurani, Wayahudi wakabeba Taurati, Wakristo wakabeba Injili; wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, wote wakilia na kumwomba Mungu. Ibn Battuta mwenyewe aliporudi kwao Moroko alikuta mama yake amekwisha kufa kwa tauni hiyo.

Sasa linganisha na mji wa Strasbourg huko Ulaya. Tarehe 14 Februari 1349, tauni ikiwa bado haijafika mjini humo, wakazi waliwakamata mamia ya majirani zao Wayahudi na kuwachoma moto. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Wayahudi walitia sumu visimani. Walioponea chupuchupu walikuwa wale waliokubali kubatizwa. Wenye madeni kwa Wayahudi walifutiwa madeni yao. Kisha tauni ikafika vile vile.

Sala za Dameski hazikuzuia kiroboto, na mtaalamu wa leo angesema mkusanyiko kama ule ni hatari. Lakini tauni ilipopita, watu wa Dameski waliobaki waliweza kutazamana machoni. Hawakuwa na damu ya jirani mikononi.

Iko miji iliyopata hekima nyingine. Mwaka 1377 bandari ya Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik huko Kroatia, iliweka sheria kwamba meli zinazotoka penye tauni zikae kando siku 30 kabla ya watu kushuka. Baadaye siku zikawa 40, na kutokana na neno la Kitaliano la arobaini tukapata neno karantini. Tazama tofauti: karantini ilimpima msafiri kwa alikotoka na siku alizokaa. Haikuuliza kabila lake.

MSHAHARA BAADA YA MSIBA

Kifo Cheusi kilizaa jambo jingine ambalo hakuna aliyelitazamia. Wafanyakazi walikuwa wachache sana, kwa hivyo waliobaki walidai mshahara mkubwa. Matajiri wa Uingereza walishtuka. Mwaka 1351 bunge lilipitisha sheria ya kuwalazimisha vibarua wapokee malipo ya zamani, kabla ya tauni. Uchungu huo ulichangia maasi makubwa ya wakulima ya mwaka 1381.

Kenya nayo ilipitia jambo linalofanana na hilo. Septemba 1918, Vita Vikuu vya Kwanza vikielekea kwisha, homa ya mafua iliyoenea duniani kote iliingia kupitia bandari ya Mombasa na kupanda reli kuelekea bara. Duniani iliua mamilioni ya watu. Ajabu yake ni kwamba iliwapenda vijana wenye nguvu, wale wale ambao kwa kawaida mafua hayawaangushi.

Watafiti waliochambua kumbukumbu za serikali ya kikoloni za mkoa wa Pwani walikadiria kwamba homa hiyo iliua watu 25 katika kila watu 1,000 kwa mwaka. Vifo vya mwaka 1918 vilikuwa mara sita ya kawaida. Kwa kijiji cha watu 400, hayo ni makaburi 10 yanayochimbwa na watu ambao wenyewe ni wagonjwa.

Nchi ilikuwa imekwisha kuchoka. Maelfu kwa maelfu ya vijana walikuwa wamekufa vitani wakiwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Jina la Kariokor, mtaa tuliopita tukishuka Pumwani, limetokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza.

Waliobaki walikuwa na haki ya kutazamia mshahara bora, maana mikono ya kazi ilikuwa imepungua. Badala yake, mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka machifu wahimize vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kipande kikaanza kuning'inizwa shingoni. Mwaka 1921 walowezi wakaamua kupunguza mshahara. Hapo ndipo sauti ya Harry Thuku ilipopanda, na tarehe 16 Machi 1922 damu ikamwagika Nairobi, watu walipokusanyika kudai aachiliwe.

Siwezi kusema kwamba mafua ndiyo yaliyozaa siasa za Harry Thuku. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini mtu aliyezika ndugu zake mwaka 1918, kisha akavishwa kipande na kupunguziwa mshahara, hakuhitaji kusukumwa sana ili asimame.

MPISHI WA MERKA

Ikiwa kuchoma maduka na kuhamisha watu hakukutibu, ni nini kilichotibu? Mara nyingi ni vitu visivyo na makelele: maji safi, mitaro, ghala lisiloingia panya, chanjo, na dawa. Leo tauni hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, ilimradi mgonjwa awahi. Haijatoweka. Mwaka 2017 mlipuko wake nchini Madagaska uliua watu zaidi ya 200.

Ndui, ile iliyowapa Wakikuyu jina la rika, ndiyo imetoweka kabisa. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, kijana mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, Oktoba 1977. Kijana huyu alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na watu wote waliokutana naye walitafutwa na kuchanjwa mmoja mmoja. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha.

Maalin hakujificha kwa aibu. Alipokuwa mtu mzima alizunguka nchini mwake akiwashawishi wazazi wawapeleke watoto kuchanjwa dhidi ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo hiyo.

Angalia jinsi ushindi huo ulivyopatikana. Mji wa Merka haukuchomwa. Mgonjwa alitafutwa ili atibiwe, na majirani walitafutwa ili walindwe.

MLANGONI PETU

Pengine wako wanaosema hayo ni ya zamani. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2020 hatuwezi kusema hivyo.

Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa, kafyu ikaanza, na barakoa ikawa sehemu ya sare. Kabla hapo tulikuwa tumeishi na Ukimwi tangu miaka ya 1980, na tulijua jinsi unyanyapaa ulivyowaua watu kwa kuwafanya waogope kupimwa. Ilifikiriwa kwamba tumejifunza.

Mwezi wa Mei mwaka huo mitaa miwili ilizungushiwa vizuizi, watu wasiingie wala kutoka: Eastleigh hapa Nairobi na Mji wa Kale huko Mombasa. Sababu iliyotolewa ilikuwa idadi ya wagonjwa. Lakini wakazi wake walijua vizuri maana ya kunyoshewa kidole, na si wachache mjini waliokuwa wakisema kwamba ugonjwa ni wa watu wa mitaa ile.

Katika ploti tulimokuwa tukiishi, alikuwapo mama mmoja muuguzi. Kila alipotoka kazini, watu walifunga milango. Wengine walianua nguo zao kwenye kamba kabla hajaanika zake. Watoto wake wakabandikwa jina la ugonjwa.

Usiku mmoja wa kafyu mwanangu alishikwa na homa kali. Gari halikuwapo, na njiani walikuwapo askari. Mlango niliougonga ulikuwa ule wa mama muuguzi. Alikuja na kipimajoto chake, akamkanda mtoto kwa maji, akakaa naye hadi homa iliposhuka alfajiri. Hakuuliza ni nani aliyekuwa akianua nguo.

Miezi miwili baadaye alihama, kwa sababu mwenye ploti alishauriwa na wapangaji kwamba ingekuwa heri aondoke. Mimi sikushauri. Lakini wala sikusema neno. Ninapoandika habari za watu wa Strasbourg na walowezi wa Nairobi, namkumbuka yeye akipakia godoro kwenye mkokoteni, na mimi nikiwa dirishani.

Wakubwa peke yao hawawezi kuugawa mji. Huhitaji pia watu wa kutazama dirishani.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya Korona imekwisha. Nchini Kenya watu zaidi ya 5,600 walikuwa wamehesabiwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Wataalamu wanasema janga jingine litakuja; wasichojua ni siku. Tahadhari kabla ya hatari, walinena wahenga, na tahadhari hapa si sabuni na chanjo peke yake.

Kwa hivyo mkipata nafasi Jumapili moja, wachukueni watoto katika ile safari ya Muthaiga hadi Pumwani. Waonyesheni mahali miti inapokwisha na mahali nyumba zinapoanza kubanana. Waelezeni kwamba mstari huo ulichorwa na watu walioogopa ugonjwa, wakawaogopa majirani zao zaidi.

Kisha mkirudi nyumbani, semeni hodi kwa yule jirani ambaye hamjawahi kujua jina lake. Siku ya homa, mlango wake huenda ukawa ndio wa karibu.